KUNYAMAZISHA JENI: MAHALI PA KULENGA HUPATIKANAJE?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Makala haya yanahusu dawa ya aina hiyo hiyo. Kuna maradhi yaliyoandikwa kwa herufi za jeni, na wanasayansi wamejifunza kuyatibu kwa herufi zizo hizo. Lakini kazi yenyewe si mchezo. Kuandika herufi za dawa ni jambo la dakika chache. Kujua ni mahali gani hasa pa kuzibandika ndiko kulikowatoa watu jasho kwa miaka mingi.

Huenda mwenzangu unasema, "Hiyo ni Biolojia bwana, inatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" La hasha! Lugha isiyoweza kueleza sayansi itabaki kuwa lugha ya salamu na hadithi za sungura. Hebu tujaribu pamoja, hatua kwa hatua, na mwishoni kuna mazoezi ya kujipima.

1. Jeni husemaje?

Tuanze mwanzo ili asiachwe mtu nyuma. Ndani ya kiini cha seli mna DNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza protini fulani.

Sasa, DNA haitoki ndani ya kiini. Ni kama kile kitabu cha maktaba ambacho hakiazimwi. Anayekihitaji hunakili ukurasa anaoutaka, kisha huondoka na nakala. Nakala ya jeni huitwa RNA mjumbe. Nayo huandikwa kwa herufi nne, ila pahali pa T huwekwa U. RNA mjumbe hutoka nje ya kiini, hukutana na ribosomu, na ribosomu husoma maagizo herufi tatu tatu huku ikiunganisha protini.

Herufi hizi zina wenzi wao. A hushikana na T au U. G hushikana na C. Hazibadilishani wenzi ovyo. Isitoshe, nguvu ya kushikana hailingani: A na U hushikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, nazo G na C kwa vifungo vitatu. Iweke hesabu hii akilini, maana tutaihitaji baadaye.

2. Antisensi ni nini?

Tuseme jeni fulani inatoa maagizo mabaya. Labda inatengeneza protini yenye sumu, au ni jeni ya virusi vilivyovamia mwili. Tufanyeje? Kuifuta DNA yenyewe ni kazi nzito. Njia nyingine ni kumkamata mjumbe njiani kabla hajafikisha barua. Kunyamazisha jeni ndiko huko.

Kipande cha antisensi ni uzi mfupi, mara nyingi wa herufi kati ya 15 na 25, uliotengenezwa maabara ili ulingane na sehemu moja ya RNA mjumbe, kila herufi na mwenziwe. Kwa vile nyuzi mbili zinazoshikana hulala kinyume, kichwa cha huu kwenye mkia wa ule, ni lazima tuisome RNA kutoka mwisho kuja mwanzo. Tazama mfano:

RNA mjumbe: AUGGCUACCUGA
Hatua ya kwanza, igeuze: AGUCCAUCGGUA
Hatua ya pili, weka wenzi wa DNA: TCAGGTAGCCAT

Basi TCAGGTAGCCAT ndicho kipande cha antisensi cha RNA hiyo. Umeona? Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Wazo hili lilijaribiwa na Paul Zamecnik na Mary Stephenson nchini Marekani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1978. Walichukua virusi vya Rous, ambavyo huwapa kuku saratani, wakatengeneza kipande cha herufi 13 kinacholingana na sehemu ya RNA ya virusi hivyo. Kipande hicho kilipotiwa katika seli za kifaranga zilizokuwa zikikuzwa maabara, virusi vilishindwa kuzaana kama kawaida. Herufi 13 tu!

3. Kipande kikishanasa, hutokea nini?

Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea, na ni muhimu kuyatofautisha kwa sababu kila moja lina mahali pake pa kulenga.

(a) RNA hukatwa. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho RNase H. Kazi yake ni kukata RNA popote inapoikuta imeshikana na DNA. Kipande cha antisensi kikinasa, kimeng'enya hiki huja na kuikata RNA. Kipande chenyewe hakikatwi, kwa hivyo huachiliwa na kwenda kutafuta RNA nyingine. Kimeng'enya hiki kinapatikana pia ndani ya kiini, kwa hivyo RNA inaweza kukatwa hata kabla ya mjumbe kutoka.

(b) Njia huzibwa. Kipande kikikaa karibu na mahali ribosomu inapoanzia kusoma, ribosomu hukosa pa kupita, kama matatu iliyokuta gogo barabarani.

(c) Uhariri hubadilishwa. Kabla ya RNA kutoka katika kiini, huhaririwa. Sehemu zisizotakiwa, ziitwazo introni, hukatwa na kutupwa, na zile zinazotakiwa, yaani eksoni, huungwa pamoja. Kipande cha antisensi kinaweza kufunika alama ambazo wahariri hao wa seli huzifuata, na hivyo kubadilisha eksoni zitakazobakia. Hapa jeni hainyamazishwi, bali inarekebishwa matamshi!

4. Basi ugumu uko wapi?

Labda utaniuliza, "Ikiwa kila RNA inajulikana herufi zake, si tuchague herufi 20 zozote tu?" Swali zuri. Kuuliza si ujinga.

Tuanze na hesabu. RNA ya herufi 1,000 ina mahali pangapi pa kubandika kipande cha herufi 20? Kipande cha kwanza huanzia herufi ya 1, cha pili herufi ya 2, na kuendelea hadi cha mwisho kinachoanzia herufi ya 981. Kwa hivyo tuna vipande 981 vinavyowezekana, vyote vikilingana na RNA barabara kwenye karatasi. Lakini vikitiwa ndani ya seli, vingi havifanyi lolote la maana na vichache ndivyo hufanya kazi vizuri. Wakati mwingine ukikisogeza kipande kwa herufi chache tu, kilichokuwa simba huwa paka.

Sababu kubwa ni kwamba RNA hailali imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hujikunja na kujifunga yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu A zake hutafuta U zake, na G zake hutafuta C zake. Tazama RNA hii ndogo:

GGCAGC AAUACAAC GCUGCC

Herufi sita za mwanzo (GGCAGC) zinalingana kabisa na sita za mwisho (GCUGCC) zikisomwa kinyume. Kwa hivyo uzi hujikunja kama pini ya nywele: ncha mbili hushikana na kufanya shina, na herufi nane za katikati hubaki wazi kama kitanzi. Hebu tuhesabu vifungo vya shina hilo. Kuna jozi tano za G na C, yaani vifungo 15, na jozi moja ya A na U, yaani vifungo 2. Jumla ni vifungo 17.

Sasa fikiria kipande cha antisensi kinachotaka kushika herufi za shina peke yake. Kitazikuta zimekwisha kushikana na wenzi wao. Ni kama kuingia kwenye matatu ambayo kila kiti kina mtu na mkanda ameufunga. Lakini kipande kikianzia kwenye kitanzi kilicho wazi, hupata pa kukanyaga; kikishakamata herufi kadhaa pale, huweza kuendelea kulibandua shina polepole, kama unavyofungua zipu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kipande cha antisensi sharti kipate upenyo kwanza.

Zaidi ya hayo, ndani ya seli RNA haitembei uchi. Huwa imezungukwa na protini za kila aina ambazo nazo hufunika baadhi ya sehemu. Kwa hivyo hata mahali palipo wazi ndani ya chupa ya maabara huenda pakawa pamefunikwa ndani ya seli.

5. Njia za kutafuta mahali panapofaa

Watafiti wana njia nne kuu. Kila moja ina uzuri na udhaifu wake.

Ya kwanza: kutembea juu ya jeni. Mtafiti hutengeneza vipande vingi vinavyofuatana kwenye RNA, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hujaribu kimoja kimoja ndani ya seli na kupima RNA iliyobaki. Ni njia ya jasho na gharama, lakini jibu lake ni la kuaminika kwa sababu seli yenyewe ndiyo imesema.

Kutembea huku kulivunja dhana moja ya zamani. Watu wengi waliamini kwamba mahali bora daima ni kwenye AUG, herufi tatu ambazo ribosomu huanzia kusoma. Mwaka 1996 Brett Monia na wenzake walitoa matokeo ya kujaribu vipande vingi kwenye RNA ya jeni iitwayo c-raf, inayohusika na saratani. Kumbe kipande walichokichagua kinalenga mkia wa RNA, sehemu ambayo ribosomu haiisomi kabisa! Kwa RNase H, mradi mahali pawe wazi, iwe kichwani au mkiani ni sawa.

Ya pili: kompyuta. Mwaka 1981 Michael Zuker na Patrick Stiegler walichapisha njia ya kukokotoa jinsi RNA ndefu inavyoweza kujikunja ili itulie kwa nishati ndogo kabisa. Programu zilizotokana na kazi hiyo huchora shina na vitanzi, na mtafiti huchagua vitanzi. Njia hii ni ya haraka. Udhaifu wake ni kwamba RNA moja inaweza kujikunja kwa namna kadhaa zinazokaribiana kwa nishati, na kompyuta haizioni zile protini tulizozitaja.

Ya tatu: kuiuliza RNA yenyewe. Mtafiti huchanganya RNA na mkusanyiko wa vipande vya kubahatisha, vya kila mpangilio wa herufi, kisha hutia RNase H. Vipande vitakavyopata pa kushika vitashika, na kimeng'enya kitakata hapo hapo. Kisha mtafiti hupima urefu wa mabaki ya RNA na kujua ilikatwa wapi. Palipokatwa ndipo palipo wazi.

Ya nne: kibao cha vipande. Mwaka 1997 Natalie Milner, Kalim Mir na Edwin Southern wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio la kupendeza sana. Walichukua herufi 122 za mwanzo za RNA ya globini ya sungura, wakatengeneza juu ya kioo vipande 1,938 vinavyolingana nazo, vyenye urefu wa kuanzia herufi moja hadi 17. Kisha wakamwagia RNA yenye alama na kutazama itanasa wapi. Ajabu ni kwamba ni vipande vichache sana vilivyonasa RNA kwa wingi. Na vile vilivyonasa vizuri kwenye kioo ndivyo vilivyofanya kazi vizuri vilipopimwa kwa RNase H na kwa utengenezaji wa protini. Somo lake ni hili: kulingana kwa herufi hakutoshi, lazima pawe na nafasi.

Siku hizi watafiti huchanganya njia hizi. Kompyuta huchuja kwanza, kisha vipande vilivyobaki hujaribiwa ndani ya seli.

6. Sifa za kipande kizuri

Mbali na uwazi wa mahali, kuna mambo mengine ya kuzingatia.

(i) Upekee. Kipande kisishike RNA ya jeni nyingine isiyo na hatia. Herufi 10 zinaweza kupangwa kwa namna 1,048,576. DNA ya binadamu ina takriban herufi bilioni 3.1, kwa hivyo mpangilio wowote wa herufi 10 unatarajiwa kutokea takriban mara 3,000 kwa bahati tu! Lakini herufi 16 zina mipangilio 4,294,967,296, ambayo inazidi herufi zote za DNA yetu. Ndiyo maana vipande vingi vya dawa huwa na herufi 16 au zaidi. Aidha, kirefu kupita kiasi nacho hakifai, kwa maana huingia ndani ya seli kwa shida zaidi na kinaweza kushika RNA zinazofanana nusu nusu.

(ii) Nguvu ya wastani. G na C zikiwa chache mno, kipande hulegea. Zikiwa nyingi mno, hunata hata pasipotakiwa.

(iii) Kisijikunje. Kipande ambacho herufi zake zinalingana zenyewe kwa zenyewe kitajifunga fundo kabla ya kufika.

(iv) Epuka GGGG. Herufi G nne zikifuatana hukusanyika na za vipande vingine na kufanya umbo gumu la pande nne, lenye tabia zake nyingine kabisa.

(v) Angalia CG. Katika DNA, C inayofuatwa na G inaweza kuuamsha mfumo wa kinga ya mwili, kwa sababu mwili hudhani umevamiwa na bakteria.

Hata hivyo, sheria hizi ni dira tu, si amri. Fomivirsen, dawa ambayo tutaiona hivi punde, ina CG mara mbili katika herufi zake 21.

Jambo jingine ni ugumu wa uzi wenyewe. DNA ya kawaida ikitiwa mwilini hutafunwa upesi na vimeng'enya. Kwa hivyo wakemia hubadilisha atomu moja ya oksijeni kwa salfa katika kila kiungo cha uzi. Mara nyingi pia huziimarisha herufi za pembeni. Mipomersen, dawa ya lehemu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 na baadaye ikaondolewa sokoni, ilikuwa na herufi 20: tano zilizoimarishwa kila upande na 10 za DNA katikati ili RNase H ipate pa kufanyia kazi.

7. Tahadhari: si kila king'aacho ni dhahabu

Seli zikiacha kukua baada ya kutiwa kipande, je, ni kwa sababu jeni imenyamaza? Si lazima! Miaka ya mwanzo ya 1990 watu wengi walifurahia vipande vya kunyamazisha jeni za c-myb na c-myc, ambavyo vilizuia seli za misuli ya mishipa ya damu kuongezeka. Mwaka 1995 Teresa Burgess na wenzake walionyesha kwamba athari hiyo haikutokana na antisensi. Ilitokana na zile GGGG! Vipande vingine vyenye G nne zilizofuatana vilizuia seli vile vile, hata bila kulingana na jeni hizo.

Ndiyo maana mtafiti mwangalifu hutumia vipande vya kulinganishia. Cha kwanza ni chenye herufi zile zile zilizovurugwa mpangilio. Cha pili ni chenye makosa machache ya makusudi. Kipande halisi kikifanya kazi na hivyo viwili visifanye, hapo ndipo anaweza kuanza kutabasamu. Tena ni lazima apime RNA na protini zenyewe, na si kutazama seli tu. Akipata vipande viwili vinavyolenga mahali tofauti kwenye RNA ile ile na vyote vikaleta matokeo sawa, ushahidi wake huwa na nguvu zaidi.

8. Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha fomivirsen, dawa ya kwanza ya antisensi. Iliwalenga wagonjwa wa UKIMWI ambao macho yao yalikuwa yakishambuliwa na sitomegalovirusi, virusi ambavyo huweza kumpofusha mtu mwenye kinga dhaifu. Dawa ilidungwa ndani ya jicho na kulenga RNA ya jeni ambayo virusi huihitaji ili vizaane. Baadaye dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziliimarika, wagonjwa wa aina hiyo wakapungua sana, na fomivirsen ikaondolewa sokoni.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto wenye ugonjwa uitwao SMA. Mtoto mwenye SMA hana jeni ya SMN1 inayofanya kazi. Seli za neva zinazoendesha misuli hufa, na katika aina kali mtoto hashindwi kukaa tu, bali hushindwa hata kumeza na kupumua. Kabla ya dawa kupatikana, wengi wa watoto hao walifariki au kutegemea mashine ya kupumulia kabla ya kutimiza miaka miwili.

Bahati ni kwamba binadamu ana jeni nyingine inayokaribia kufanana na hiyo, SMN2. Tatizo ni kwamba RNA ya SMN2 inapohaririwa, eksoni ya 7 huachwa mara nyingi, na protini inayotoka haidumu. Mwaka 2006 maabara ya Ravindra Singh nchini Marekani iliripoti alama ndogo ndani ya introni ya 7 inayowaambia wahariri wa seli, "Irukeni eksoni hii." Adrian Krainer wa Cold Spring Harbor, pamoja na watafiti wa kampuni ya Isis, walitembea juu ya eneo hilo kwa vipande vingi, wakasogea herufi chache chache, hadi wakapata kipande cha herufi 18 kinachofunika alama hiyo vizuri. Alama ikifunikwa, eksoni ya 7 hubaki, na protini kamili hutengenezwa.

Dawa hiyo ni nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwezi wa Desemba 2016. Hudungwa katika maji yanayozunguka uti wa mgongo. Katika jaribio moja la watoto wachanga, watoto 37 kati ya 73 waliopewa dawa walipiga hatua za ukuaji kama vile kushikilia kichwa, kugeuka au kukaa. Kati ya watoto 37 ambao hawakupewa, hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango hicho. Tofauti hiyo yote ilitokana na kupata mahali sahihi kwa herufi 18!

Hata hivyo, mahali sahihi pekee hapatoshi. Kile kipande cha c-raf kilichokata RNA vizuri sana maabara hakikuwasaidia wagonjwa wa saratani kilipojaribiwa. Nayo nusinersen ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilitangazwa kuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Hesabu hiyo kwa shilingi utaifanya mwenyewe, mimi imenishinda nguvu. Mzazi wa kawaida wa hapa kwetu hata akiuza shamba na ng'ombe wote hafiki nusu ya njia.

Nao unyamazishaji wa jeni haukuishia hospitalini. Mwaka 1994 nyanya iitwayo Flavr Savr iliuzwa Marekani. Jeni inayoifanya nyanya ilainike upesi ilikuwa imenyamazishwa kwa antisensi. Na hapa kwetu, watafiti wa Kenya na Uganda pamoja na wenzao wa Marekani walitengeneza muhogo unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Muhogo huo hutumia njia iliyo binamu ya antisensi: mmea hujitengenezea RNA fupi zinazolenga RNA ya virusi. Mahali palipolengwa ni jeni ya ganda la virusi, tena kwa aina zote mbili za virusi vinavyoleta ugonjwa huo. Mwaka 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia usalama wa bioteknolojia iliidhinisha muhogo huo upandwe nje ya vituo vya majaribio. Anayeujua muhogo wa Pwani au wa Magharibi, namna unavyoonekana mzima juu na ukichimba unakuta mizizi imeoza, ataelewa umuhimu wa jambo hili.

9. Tamati

Mpenzi msomaji, tumeona kwamba kuandika kipande cha antisensi ni rahisi, lakini kupata mahali pa kukibandika kunadai hesabu, kemia, kompyuta na subira. Wale wenzetu wanaoiogopa Biolojia kwa sababu ya majina marefu, natumaini mmeona kuwa ndani yake mna mafumbo matamu kuliko hata vitendawili. Kalamu na karatasi vinatosha kuanzia. Karibu kwenye mazoezi.

MAZOEZI

1. RNA ya jeni fulani ina sehemu hii: CCAGCAUUAUGAAAGUGA. Andika kipande chake cha antisensi kwa herufi za DNA. (Ukipata sawa, jua kwamba umeandika dawa ya kweli iliyotajwa katika makala haya. Ni ipi?)

2. RNA ina herufi 500. Vipande vya antisensi vya herufi 20 vinavyowezekana ni vingapi?

3. Kati ya vipande hivi viwili, ungechagua kipi kwanza, na kwa nini?
(a) ACGGGGTTCGGGGATCAGCT
(b) TCATTCACCATCTACTTACC

4. Andika kipande cha antisensi cha kitanzi cha ile RNA ndogo ya sehemu ya 4. Kwa nini kipande hicho peke yake hakifai kuwa dawa?

MAJIBU

1. TCACTTTCATAATGCTGG. Ni nusinersen.

2. Vipande 481.

3. (b). Kipande (a) kina GGGG mara mbili na pia kina CG. Kipande (b) hakina G hata moja, kwa hivyo hakiwezi kujifunga kwa jozi za G na C, na C zake ni 8 kati ya herufi 20.

4. GTTGTATT. Kina herufi 8 tu, kwa hivyo kitapata RNA nyingine nyingi mno za kushika mwilini.